Mtoto Anayeshindwa Kusoma

Wazazi wapendwa, yuko mtoto mwenye akili ambaye akiona "baba" husoma "dada". Mleteni kwanza apimwe macho na masikio. Yakiwa mazima, huenda ana ugumu uitwao disleksia. Si mvivu, wala hakulogwa, msimpige. Mara nyingi baba au mjomba wake alikuwa hivyo hivyo.

Hapa Kolwezi hatari mwaijua: mtoto akichoka na masomo, huenda kuokota na kuosha mawe ya kobalti. Lakini Bezaleli wa Kutoka 31 alipewa na Mungu hekima ya mikono, kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Basi anzeni na mikono.

Mpeni betri ya tochi, balbu ndogo na waya wa shaba, aunganishe mpaka taa iwake. Kisha akate waya, ajaribu kuziba pengo kwa msumari, halafu kwa kijiti. Kila kitu akitaje polepole, m-su-ma-ri, huku akiandika kwa kidole mchangani. Herufi b na d azikunje kwa waya, azipapase. Robo saa kwa siku yatosha. Umeme wa nyumba asiuguse kamwe. Mchanga nao usitoke mgodini wala panapooshwa mawe, una sumu.

Mwambieni na mwalimu asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake kabla hajajizoeza nyumbani.