Jinsi ya Kusoma Mwamba wa Kokoto

Ukitaka kuijua historia ya mlima wa kokoto zilizogandamana, anza na kokoto moja, si kilele. Mwamba huu, ambao wanajiolojia huuita konglomerati, unafanana na zege: mawe, mchanga na saruji ya chokaa. Mfano ninaoutumia ni Montserrat, mlima wa Catalonia nchini Hispania, ambao kilele chake, Sant Jeroni, kina mita 1,236. Ninashikilia kwamba mlima huo umejengwa kwa vifusi vya milima mingine iliyokwisha kulika, na ushahidi uko wazi ukutani mwa mwamba. Tazama kwanza umbo: kokoto isiyo na pembe imesuguliwa njiani na maji, ilhali yenye ncha kali haikusafiri mbali. Kisha pima ukubwa: maji ya polepole hubeba mchanga na tope, lakini jiwe kubwa kama nazi halisogei bila mto wenye nguvu. Halafu chunguza aina. Kokoto nyingi za Montserrat ni mawe ya chokaa, na kila moja ni kongwe kuliko mwamba ulioimeza. Ilimegwa kwenye mwamba uliokuwako kabla yake.

Wapo watakaosema kokoto za mviringo zinathibitisha kwamba hapa palikuwa ufukwe. Hoja hiyo ina uzito, maana mawimbi nayo husugua mawe, na kweli bahari ilikuwa jirani: katika zama za Eosini, zaidi ya miaka milioni 33 iliyopita, mito ilimwaga mzigo wake kwenye delta ukingoni mwa bahari hiyo. Lakini mawimbi huchambua mawe kwa ukubwa na kuosha tope. Huko Montserrat, kokoto kubwa na ndogo zimechanganyika, na katikati yake imepita mikanda ya mchanga na udongo mwekundu. Hiyo ni kazi ya mafuriko yanayokuja na kupungua.

Usidhani pia kwamba kilichoshikana kwa chokaa kitadumu milele. Maji ya mvua huiyeyusha chokaa hiyohiyo, hupanua nyufa, huchonga mapango na kuacha nguzo zilizosimama peke yake. Mawe nayo huporomoka. Kwa hiyo, msomaji, usigonge ukuta wa mwamba kwa nyundo. Soma vipande vilivyokwisha kuanguka, mbali na genge, na mvua ikinyesha ondoka chini yake.