Nani Alirudisha Zile Pesa? Kuweka Rekodi ya Shughuli kwa Tili ya Biashara Yako

Leo hatuongei kuhusu kutuma wala kupokea pesa. Tunaongea kuhusu lile daftari ambalo mfumo unaandika kimyakimya wakati wafanyakazi wako wanatumia tili: nani aliingia, saa ngapi, akafanya nini. Wengi wenu mnalo tayari kwenye akaunti ya biashara, ila hamlifungui mpaka siku pesa zipungue.

Kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitupigia simu akiwa amekasirika sana. Mteja alilipa shilingi 4,200, akabeba rangi, halafu malipo yakarudishwa kwake. Rangi haikurudi dukani. Mwenye duka alikuwa ameshapakua rekodi mwenyewe, na ilisema malipo yalirudishwa saa 15:10 na mtumiaji anayeitwa "kaunta". Saa tisa alasiri, binti mmoja tu ndiye aliyekuwa kaunta, wenzake walikuwa wameenda kula. Kufikia wakati anatupigia, alikuwa ameshamwambia asirudi kesho.

Kumbe ile 15:10 haikuwa saa ya Kenya. Seva nyingi huandika kwa saa ya kimataifa, UTC, na sisi huku tuko mbele kwa saa tatu. Kwa hivyo pesa zilirudishwa saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, na binti huyo hutoka kazini saa kumi na moja. Skrini ilikuwa ikionyesha saa ya Nairobi, lakini faili ya kupakua ilikuwa na saa ya seva. Hilo lilikuwa kosa letu, siyo lake, na tulimwambia hivyo.

Binti alirudi kazini. Lakini swali la nani alirudisha pesa halikujibika, kwa sababu watu watatu walikuwa wanatumia jina moja la kuingilia na nenosiri moja, lililoandikwa kwenye kalenda ukutani. Rekodi ilikuwa sahihi kabisa: "kaunta" alirudisha pesa. Kaunta ni nani sasa?

Ndiyo maana tunakuomba uanze na watumiaji kabla hujagusa kitu kingine. Ingia kwa akaunti ya biashara, fungua Mipangilio, kisha Watumiaji, na umpe kila mfanyakazi jina lake na nenosiri lake. Hata kama ni kijana wa likizo atakayekaa wiki mbili. Akiondoka, mfungie siku hiyohiyo, lakini usimfute, ili jina lake libaki kwenye rekodi za nyuma. Tunajua kubadilishana watumiaji wakati foleni imefika mlangoni ni usumbufu. Weka mfumo ujifunge wenyewe baada ya dakika chache bila kutumika, na watu watazoea.

Baada ya hapo ndipo ufungue Rekodi ya Shughuli na uchague saa za Afrika Mashariki, kwa skrini na pia kwa faili za kupakua. Tumeweka chaguo hilo sasa, lakini akaunti za zamani lazima ulibonyeze mwenyewe.

Halafu utaulizwa unataka kurekodi nini. Kishawishi ni kuweka tiki kila mahali. Usifanye hivyo. Ukirekodi kila mtu anapofungua ukurasa wowote, utapata mistari mingi mpaka ule mmoja unaoutafuta upotee. Sisi tungechagua hivi: kuingia na kushindwa kuingia, kurudisha malipo, kutoa pesa kwenda benki ama kwa simu, kupakua taarifa ya akaunti, na kuongeza mtumiaji ama kubadilisha ruhusa zake. Hilo la mwisho watu hulisahau, na kumbe mara nyingi mwizi huanzia hapo: anajipa ruhusa kwanza. PIN na nenosiri haziandikwi kwenye rekodi hata siku moja. Ukiona mfumo wowote, wetu ama wa mwingine, unaonyesha PIN ya mtu, piga simu mara moja.

Na wewe mwenye duka pia unarekodiwa. Kuna wateja hutuuliza kama wanaweza kufuta mstari mmoja tu. Hapana. Rekodi ambayo bosi anaweza kuifuta haimlindi mfanyakazi, wala haikulindi wewe kesi ikifika kortini. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inakubali rekodi za kielektroniki, lakini zinahitaji cheti kutoka kwa anayesimamia mfumo. Kwa hivyo ukiona jambo baya, usianze kupaka rangi na kupanga upya ile faili. Iache ilivyo, utuandikie, tutakutolea nakala kutoka kwa seva.

Miamala yenyewe tunaitunza angalau miaka 7, kwa sababu sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inatudai hivyo. Rekodi ya shughuli ni tofauti, hukaa siku 90 usipobadilisha. Kwa duka linalofunga hesabu mara moja kwa mwaka, siku 90 ni chache mno. Weka miezi 12.

Jambo moja ambalo si la kubonyeza: waambie wafanyakazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu ajulishwe taarifa zake zinapokusanywa, na kwa nini. Kaa nao dakika tano kabla ya kufungua duka, waonyeshe rekodi inavyoonekana na ni nani anayeisoma. Yule binti wa kaunta angeiona mapema, pengine angekuwa wa kwanza kusema kwamba saa hazilingani.

Ukimaliza, ijaribu. Ingiza nenosiri lisilo sahihi mara moja kwa makusudi, angalia saa ya ukutani, kisha fungua rekodi na upakue faili. Ule mstari wa kushindwa kuingia unafaa uwe hapo, na jina lako, na saa ileile uliyoiona ukutani. Kama hauko, ama saa imepungua kwa tatu, tupigie kabla hujamshuku mtu.