Kuku Mwenye Vifaranga ni Amana: Namna ya Kumwandalia Mahali pa Salama



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, somo letu katika toleo hili linahusu kiumbe anayepatikana karibu kila nyumba hapa Mitole, naye ni kuku anayelalia mayai pamoja na vifaranga wake. Huenda wengine wakauliza, "Kuku naye ana somo gani madrasani?" Tutaeleza kwanza yaliyotupata, kisha msomaji ataamua mwenyewe.

YALIYOTUPATA

Mwaka jana wakati wa masika, bibi mmoja jirani wa madrasa yetu alikwenda Kilwa Masoko kumuuguza binti yake. Kabla ya kuondoka alituletea kuku wake na vifaranga 11 wa siku sita. Akasema, "Wajukuu zangu, hawa nawaweka amana kwenu mpaka nirudi." Tukaitikia kwa furaha, tukawaweka katika tundu la kuku lililo nyuma ya madrasa.

Siku ya tatu, baada ya Alasiri, mmoja wetu aliona msafara wa siafu ukipita chini ya mwembe, karibu na tundu. Tukasema, "Hao wanapita tu." Hatukumwaga jivu, wala hatukumhamisha kuku. Usiku mvua ikanyesha. Alfajiri tulipotoka kutia udhu tulimsikia kuku akilia kilio ambacho hatujawahi kukisikia. Tulimkuta amewafunika vifaranga wake kwa mbawa, siafu wamemjaa miguuni na kichwani, naye hakuondoka. Vifaranga 9 walikuwa wamekwisha kufa. Wawili tu ndio waliopona.

JE, TULIKUWA NA DENI?

Wengine kati yetu walisema, "Ni kudra ya Mungu, hatudaiwi kitu." Tukampelekea ustadhi suala hilo. Akatufundisha kwamba katika madhhabi ya Imamu Shafi, inayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, mwenye kuwekewa amana halipi kitu kikiharibika bila ya uzembe wake. Lau mwizi angevunja mlango uliofungwa vizuri, tusingedaiwa. Lakini akizembea kukilinda, huwa amejibebesha dhamana, na inampasa alipe. Kisha akatuuliza swali moja tu: "Siafu mliwaona, au hamkuwaona?" Tukanyamaza.

Bibi aliporudi tulimweleza yote bila kuficha, tukamwambia tutalipa vifaranga 9. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Vifaranga nimewasameheni. Lakini kuku huyu akitaga tena, atalalia hapa kwenu, na mtamlea ninyi. Mkikuza, tutagawana nusu kwa nusu." Hivyo tukapewa kuku yule yule kwa mara ya pili. Haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza kwa wazee, kwa bwana mifugo na kwa kuku mwenyewe.

KWANZA: KIOTA

Kuku anayelalia hukaa juu ya mayai kwa siku 21. Kwa siku hutoka mara moja hivi, kwa muda mfupi, kula, kunywa na kujisaidia. Muda uliobaki hawezi kujitetea bila ya kuyaacha mayai yake. Kwa hiyo kazi ya ulinzi ni yetu.

Chagua mahali penye kivuli, pakavu, pasipo kelele wala kupitapita kwa watoto na mbuzi. Kiota kiwe na upana wa shibiri moja na nusu hivi. Pakacha, kikapu kilichochakaa au chungu kilichovunjika mdomo vinafaa. Weka mchanga mkavu chini, uufinyange uwe na bonde dogo katikati ili mayai yasitawanyike, kisha tandika nyasi kavu. Changanya nyasi na jivu kidogo na majani makavu ya mwarobaini ili kupunguza utitiri. Wanawake wengi wa kwetu huweka pia jani la tumbaku. Utitiri usidharauliwe, kwani kuku akiwashwa sana huyakimbia mayai.

Mpe mayai 10 hadi 12 kulingana na ukubwa wa mwili wake. Akizidishiwa, ya pembeni hupoa na kuwa viza. Chagua mayai safi, yasiyo na ufa, yaliyotagwa ndani ya siku 10 zilizopita. Yatie alama kwa mkaa, ili kuku mwingine akija kutaga humo uyajue mayai mageni na kuyaondoa.

Siku ya 7 usiku, mulika kila yai kwa tochi gizani. Likionesha mishipa myembamba ya damu kama utando wa buibui, lina uhai. Likiwa jeupe tupu, liondoe. Kuanzia siku ya 18 usiyaguse tena mayai, mwache kuku na kazi yake.

PILI: TUNDU

Tundu la kuku mmoja na vifaranga wake halihitaji fedha nyingi. Sisi tulilijenga kwa fito, mianzi na paa la nyasi. Urefu wake ni kama mita moja, na upana ni zaidi kidogo ya nusu mita. Tuliliinua juu ya miguu minne, urefu wa magoti. Kila mguu tuliusimamisha ndani ya kopo lenye maji na mafuta ya taa kidogo juu yake, ili siafu wasipande. Makopo tuliyafunika kwa vipande vya bati vilivyotobolewa katikati, vifaranga wasije wakatumbukia. Tulihakikisha pia hakuna tawi wala nyasi ndefu inayogusa tundu, kwani siafu huifanya daraja.

Nafasi kati ya fito zisipitishe vidole viwili. Kicheche, nguchiro, nyoka na panya wote hutafuta upenyo. Mlango uwe na komeo la kufunga kwa nje, si kamba ya kuning'iniza tu. Lakini hewa ipite, kwani tundu lililozibwa kabisa huleta unyevu na mafua.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba usiku unapoingia tuwaingize watoto ndani, tufunge milango kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu na tufunike vyombo. Nasi tumeweka zamu: kabla ya adhana ya Magharibi, wanafunzi wawili huhesabu vifaranga, hufunga komeo na hutazama ardhi pande zote nne. Wakiona siafu, humwaga jivu la moto na kutoa taarifa hapo hapo. Neno "wanapita tu" tumelipiga marufuku.

TATU: CHAKULA NA MAJI

Tunakumbuka kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, walichokipokea Bukhari na Muslim. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Basi anayemfungia kuku ajue kwamba amebeba jukumu la riziki yake. Tundu lisilo na maji ni jela, hata likijengwa vizuri namna gani.

Kifaranga anapototolewa huwa bado ana akiba ya kiini cha yai tumboni, hivyo usiwe na haraka siku ya kwanza. Baada ya hapo mpe chenga za mahindi au za mchele, pumba, dagaa waliotwangwa na mchwa. Mchwa wanapendwa kuliko vyote. Maji yawe katika kisahani kifupi chenye vijiwe ndani, ili kifaranga akiteleza asizame. Badilisha maji kila siku.

Kwa wiki tatu au nne za mwanzo usiwaachie vifaranga kuzurura. Mchana wafunike kwa tenga pamoja na mama yao, nusu juani na nusu kivulini, na juu ya tenga weka jiwe. Mwewe na kunguru hawawezi tenga. Kila siku lisogeze kidogo, wapate ardhi mpya ya kuparua.

NNE: MARADHI

Tundu zuri halizuii mdondo, ambao wengine huuita kideri. Maradhi haya hayana dawa, na yanaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2 ni tone moja tu katika jicho, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mbegu yake ilitoka kwa wataalamu wa Australia waliozigawia nchi nyingi bure, na hapa Tanzania chanjo hii hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inahimili joto kuliko chanjo za zamani, jambo linalotufaa sisi wa vijijini. Ni vyema majirani wachanje siku moja, kwa sababu kuku wetu huchanganyika wote. Na kuku mgeni kutoka mnadani atengwe kwanza kwa wiki mbili.

MATOKEO

Safari ya pili kuku wa bibi alilalia mayai 11, yakatotolewa 10. Kifaranga mmoja alikufa siku ya pili, na mwingine alichukuliwa na mwewe tulipoinua tenga mapema mno. Wanane walikua. Tuligawana na bibi wanne kwa wanne, na wa kwetu tuliwauza tukanunua juzuu na mkeka wa darasa la watoto wadogo. Siku ya kugawana bibi alimshika kuku wake, akatazama makovu ya miguuni, akasema, "Huyu hakuikimbia amana yake." Hakuongeza neno, nasi hatukuhitaji aongeze.

Abu Daud amepokea kwamba safarini masahaba waliwachukua makinda wa ndege, mama yao akaja akirukaruka kwa huzuni. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemuumiza kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Ikiwa huzuni ya ndege wa porini ilizingatiwa hivyo, basi vipi kuku tuliyekabidhiwa kwa mkono?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni wakati gani mwenye kuwekewa amana hulazimika kulipa?
2. Kwa nini mayai hutiwa alama ya mkaa?
3. Taja njia mbili za kuzuia siafu.
4. Chanjo ya mdondo hurudiwa baada ya muda gani?
5. Leo kabla ya Magharibi, nenda kakague tundu la kuku la nyumbani kwenu pamoja na mzazi wako. Andika ulichokiona, na mlichokirekebisha.

Wabillahi tawfiq.