Kurejesha Faili Baada ya Diski Ngumu Kufa: Somo kwa Vikundi na Ofisi za Kata ya Maretadu

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vikundi vingi vya kuweka na kukopa, vyama vya ushirika, shule na ofisi za vijiji limehamia ndani ya kompyuta. Humo mna majina ya wanachama, michango, marejesho ya mikopo, mihtasari ya mikutano na alama za wanafunzi. Vyote hivyo vimo katika kifaa kimoja kidogo kiitwacho diski ngumu, na kila diski ngumu ina siku yake ya kufa.

Mifumo ya Serikali inayotumika kwa mtandao, kama vile PlanRep wa mipango na bajeti na FFARS wa fedha za vituo vya kutolea huduma, haihifadhi kumbukumbu zake katika kompyuta ya kijijini. Kompyuta ya ofisi ikiharibika, taarifa zilizokwisha kuingizwa humo hubaki salama. Kinachopotea ni kile ambacho hakipo mahali pengine popote: majedwali, barua, orodha na mihtasari iliyoandaliwa na ofisi au kikundi chenyewe. Somo hili linahusu kumbukumbu za aina hiyo.

Dalili na hatua ya kwanza

Ndani ya diski ngumu ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake bila kuzigusa. Kuangushwa kwa kompyuta au kukatika kwa umeme ghafla huweza kukiharibu kifaa hiki. Dalili zake ni mlio wa kugongagonga, kompyuta kuchelewa mno kufungua faili, au faili zilizofunguka jana kugoma leo. Diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka hazitoi mlio wowote, na nyingine hufa bila kutoa dalili.

Dalili zikionekana, kompyuta izimwe mara moja. Kuendelea kuiwasha ili kujaribu bahati huzidi kuiharibu diski. Iwapo kompyuta itauliza kama diski ifomatiwe, jibu ni hapana. Na kabla ya kwenda kwa fundi, iwe ni Haydom, Dongobesh au Mbulu mjini, swali la kujibu ni moja: nakala rudufu ya mwisho iko wapi, na ni ya tarehe gani?

Kubadilisha diski

Diski mpya iwe na nafasi isiyopungua ile ya zamani, na iwe ya aina inayokubaliwa na kompyuta hiyo. Kompyuta mpakato nyingi za miaka ya nyuma hutumia diski ya inchi 2.5, na kompyuta za mezani hutumia ya inchi 3.5. Fundi aifunge, aweke mfumo endeshi, programu zinazohitajika na kinga ya virusi. Diski ya zamani isiachwe kwa fundi. Ni mali ya kikundi au ofisi, na kumbukumbu zilizomo huenda bado zikasomeka kwa mtu mwenye utaalamu.

Hatua za kurejesha

1. Nakala iliyopo inakiliwe kwanza. Tangu diski ilipokufa, flashi au diski ya nje yenye nakala rudufu ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki duniani. Kabla ya kazi yoyote, itengenezewe pacha katika kifaa kingine, kwa kutumia kompyuta iliyo salama.

2. Nakala ikaguliwe virusi. Wapo virusi waenezwao kwa flashi ambao huficha folda na kuweka mahali pake njia za mkato. Mtumiaji akizibofya, kompyuta mpya nayo huambukizwa.

3. Faili zinakiliwe, zisihamishwe. Kuhamisha huondoa faili katika flashi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili yaweza kukosekana kote kuwili.

4. Folda zenye uzito zitangulie. Hesabu za fedha na orodha ya wanachama zirejeshwe kabla ya picha na video za sherehe.

5. Kilichorejeshwa kihakikiwe. Idadi ya faili na ukubwa wa folda vilinganishwe pande zote mbili. Kisha zifunguliwe faili kadhaa, za zamani, za katikati na za karibuni, na zisomwe. Jina la faili kuonekana kwenye kioo si ushahidi kwamba yaliyomo yapo.

Mitego mitatu ya kawaida

Mtego wa kwanza ni njia ya mkato. Mtu huburuta alama iliyo kwenye uso wa kompyuta hadi kwenye flashi, akaamini amenakili folda nzima, kumbe amebeba kibao kinachoelekeza njia tu. Dalili yake ni ukubwa: kibao hicho huwa na kilobaiti chache, ilhali folda ya miaka mitatu huwa na megabaiti nyingi.

Mtego wa pili ni programu za hesabu. Nyingi hutunza taarifa katika hifadhidata iliyo mbali na folda ya nyaraka, hivyo kunakili nyaraka peke yake hakutoshi. Programu hizo huwa na kitufe chake cha kutengeneza nakala rudufu na kingine cha kuirejesha. Hivyo ndivyo vitumike.

Mtego wa tatu ni nywila. Nakala iliyofungwa kwa nywila haifunguki kwa huruma ya fundi. Kompyuta zilizofungwa kwa BitLocker huhitaji ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo ukihifadhiwa ndani ya kompyuta ileile hausaidii kitu. Uandikwe kwenye karatasi na kutunzwa pamoja na nyaraka muhimu za kikundi.

Pengo la siku zisizonakiliwa

Hapa ndipo wengi huona kazi imekwisha, na hapa ndipo dhuluma isiyokusudiwa huanzia. Nakala rudufu hairudishi siku ambayo diski ilikufa. Hurudisha siku ambayo nakala ilitengenezwa.

Mfano utafafanua. Chukulia kikundi ambacho nakala yake ya mwisho ni ya tarehe 30 mwezi uliopita, na diski imekufa tarehe 18 mwezi huu. Baada ya kurejesha, jedwali linaonesha akiba ya wanachama kuwa Sh 4,860,000. Jedwali hilo halina kosa, lakini ni la tarehe 30. Mama aliyemaliza mkopo wake tarehe 11 ataonekana bado anadaiwa. Kijana aliyetoa akiba yake tarehe 15 ataonekana bado anayo. Mweka hazina akisoma jedwali hilo mkutanoni bila kulisahihisha, atamdai asiyedaiwa mbele ya majirani zake na kumlipa asiyestahili, na yote mawili atayafanya kwa nia njema.

Dawa ya pengo hilo ni karatasi. Zikusanywe stakabadhi na fomu zote tangu tarehe 1 hadi 18, zipangwe kwa tarehe na kuingizwa moja baada ya nyingine. Iwapo michango yenye stakabadhi ni Sh 345,000 na fomu za kutoa akiba ni Sh 120,000, basi salio sahihi ni Sh 4,860,000 kujumlisha Sh 345,000 kutoa Sh 120,000, yaani Sh 5,085,000. Marejesho ya mikopo yafanyiwe hesabu yake kwa njia hiyohiyo. Kisha kila mwanachama aitwe na kitabu chake, na salio lake lilinganishwe na la kompyuta mbele ya wajumbe wawili. Tofauti yoyote iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, isifutwe kimyakimya.

Kwa sababu hiyo, kikundi kinachotumia kompyuta hakina ruhusa ya kuacha stakabadhi. Kompyuta hurahisisha hesabu, na karatasi huithibitisha.

Nakala isiyojaribiwa

Hata makampuni makubwa hunaswa. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Kampuni ilikuwa imeweka njia kadhaa za kutengeneza nakala rudufu. Zilipohitajika, ilionekana kwamba baadhi hazikuwa zikifanya kazi, na hakuna aliyekuwa amegundua. Kilichookoa ni nakala moja iliyochukuliwa takribani saa sita kabla, na kazi ya saa hizo ikapotea. Kampuni yenyewe iliutangaza mkasa huo ili wengine wajifunze.

Funzo lake kwa kikundi cha watu 30 ni lilelile. Mara moja kila miezi mitatu, flashi yenye nakala ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, na jedwali la fedha lifunguliwe na kusomwa hadi mwisho. Kazi hiyo haizidi dakika kumi.

Nakala ngapi, na zikae wapi?

Kanuni inayofuatwa na wengi ni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kumbukumbu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikae mahali pengine. Sehemu ya mwisho ndiyo hupuuzwa zaidi. Wakazi wa Manyara hawajasahau Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilipoporomokea Katesh na vijiji jirani, vikaua watu na kusomba nyumba na maduka. Flashi iliyo kwenye droo ya meza ileile yenye kompyuta hupatwa na lile linaloipata kompyuta, liwe tope, moto au mwizi.

Nakala moja yaweza kukaa kwa katibu na nyingine kwa mweka hazina, katika nyumba mbili tofauti. Penye intaneti, hifadhi ya mtandaoni yafaa pia. Hata hivyo, folda inayojilinganisha yenyewe na mtandao haitoshi peke yake, kwani faili ikifutwa kwenye kompyuta hufutwa na huko.

Kwa kuwa nakala hizo zina majina, namba za simu na madeni ya watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahusika. Flashi ifungwe kwa nywila, na diski iliyokufa ivunjwe kabla ya kutupwa, baada ya uhakiki wote kukamilika.

Maswali ya kujipima

Viongozi wa kila kikundi na ofisi wanashauriwa kuyajibu maswali haya katika kikao kijacho na kuyaandika majibu kwenye muhtasari:

1. Nakala rudufu ya mwisho ni ya tarehe gani?
2. Nani anaitunza, na iko umbali gani kutoka ilipo kompyuta?
3. Lini ilifunguliwa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine?
4. Nywila yake inajulikana na watu wangapi?
5. Stakabadhi zote tangu tarehe hiyo zipo?

Kikundi kitakachokosa jibu la swali lolote kianze na hilo wiki hiihii. Pale utaalamu unapohitajika, ushauri uombwe katika Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kata.