Mgonjwa wa Kuigiza: Jinsi Wahudumu wa Afya Wanavyopimwa

Kabla ya kuachiwa wagonjwa, mwanafunzi wa uuguzi, utabibu au udaktari hupitia mtihani wa vitendo. Huzunguka kituo baada ya kituo, kila kimoja na kazi yake na dakika zake, mtahini akijaza alama. Utaratibu huu ulielezwa mwaka 1975 na Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, na hutumika pia katika vyuo vya Kenya. Kwenye baadhi ya vituo hukaa mgonjwa wa kuigiza: mtu mzima wa afya aliyefundishwa kuonyesha dalili. Daktari Howard Barrows alianza kuwatumia watu hao Los Angeles, Marekani, mwaka 1963.

Mfano ni kituo cha mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Mwigizaji hulala kitandani akiwa amevaa tumboni kifaa kinachotoa maji mekundu kama damu. Mwanafunzi anatakiwa kuita msaada upesi, kusugua tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, kudunga oksitosini, na kukagua kama kondo la nyuma limetoka lote.

Wakati huohuo mwigizaji anauliza: "Daktari, nitakufa? Mtoto wangu yuko wapi?" Anayeendelea na kazi kimya hupoteza alama, hata kama sindano ameidunga sawasawa. Mwanasesere wa plastiki hawezi kuuliza swali hilo.

Alama hizo si za adabu tu. Kusugua tumbo huuma, na mama asiyeelezwa sababu huenda akausukuma mkono unaomwokoa. Vivyo hivyo, mgonjwa aliyefokewa mlangoni hataji dawa za kienyeji alizokunywa jana, na matibabu yanakosea njia.

Mtihani huu una udhaifu wake. Mtu anaweza kukariri salamu na tabasamu kwa dakika kumi, kisha akasahau yote wodini saa nane za usiku. Ndiyo maana wanafunzi huendelea kusimamiwa hospitalini.

Huko, mgonjwa naye ana sauti. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa haki ya kuelezwa hali yake na matibabu yaliyopo, kwa lugha anayoielewa, pamoja na haki ya kukataa. Mkazi anaweza kuuliza anayemhudumia kama ni mwanafunzi, na ni nani anayemsimamia.