Nyutroni na Weusi wa Aina Mbili: Tatizo la Neno 'Rangi' katika Kiswahili cha Sayansi

Neno 'rangi' hubeba dhana mbili ambazo mzungumzaji wa kawaida hana haja ya kuzitenganisha: kile kinachoonekana na jicho, na kile kilichomo katika kopo la mchoraji. Makala haya yanadai kuwa utengano huo huwa wa lazima pindi mwandishi anapoeleza kwa Kiswahili jinsi nyutroni zinavyotumiwa kutambua elementi zilizomo ndani ya kitu bila kukipasua.

Nyutroni, chembe iliyogunduliwa na James Chadwick mwaka wa 1932, haina chaji. Eksirei huzuiwa na elektroni zinazozunguka kiini cha atomu, na kwa hivyo elementi nzito huzizuia zaidi. Nyutroni hupita kati ya elektroni hizo na kukabiliana na kiini chenyewe. Ndiyo maana hupenya risasi (yaani madini, wala si ile ya bunduki) kwa urahisi, ilhali haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko elementi zote, huzitawanya. Mwandishi anayeazima maelezo ya eksirei na kuyabandika hapa atampotosha msomaji.

Mfano mwafaka ni mchoro wa Anthony van Dyck wa mwaka 1624, unaomwonyesha Mtakatifu Rosalia akiwaombea wagonjwa wa tauni mjini Palermo, Italia. Mchoro huo umo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Katika uchunguzi wa aina hii, mchoro humiminiwa nyutroni katika mtambo wa nyuklia. Baadhi ya viini huzimeza na kuwa nururishi kwa muda. Kisha filamu huwekwa juu ya mchoro, huondolewa, na nyingine huwekwa, kwa siku na majuma kadhaa. Unururishi wa manganizi, iliyomo katika baadhi ya rangi za kahawia, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2.6, wa shaba, saa 12.7, wa fosforasi, siku 14.3. Kwa hiyo filamu za mwanzo hutawaliwa na manganizi, na baada ya siku nyingi fosforasi hujitokeza.

Fosforasi hiyo hutokana na weusi wa mifupa iliyochomwa. Weusi wa makaa hauna fosforasi ya kutajika, ingawa jicho huona weusi tu katika hali zote mbili. Chini ya mtakatifu huyo kulifichuliwa kichwa cha van Dyck mwenyewe, juu chini: alikuwa ameanza kujichora, akaugeuza mchoro na kuchora juu yake.

Sasa, mwanafunzi akiandika kwamba nyutroni 'zilionyesha rangi nyeusi', atakuwa amesema nini? Kilichotambuliwa ni elementi iliyomo katika unga uliokorogwa kwa mafuta. Inapendekezwa basi kwamba 'rangi' libakie kwa kinachoonekana, na 'unga wa rangi' utumike kwa kitu chenyewe. Pendekezo hili si geni sana kwa fundi anayenunua unga na kuukoroga mwenyewe.

Kitenzi 'kupiga picha' nacho kinahitaji tahadhari. Nyutroni zilikwisha kupita. Filamu haikupigwa na nyutroni hizo. Inachapwa na mnururisho unaotoka ndani ya mchoro wenyewe, na 'mchoro ulijichapa kwenye filamu' ni kauli iliyo karibu zaidi na ukweli.