Kabla hujanunua feni kubwa, piga hesabu ya bomba

Leo nawapa somo lililonigharimu.

Nauza ndizi kavu mtandaoni kutoka Kisondela, Rungwe. Mvua ya huku mnaijua, kuanika juani ni bahati nasibu. Nikatengeneza kikaushio: jiko nje, feni, na bomba la inchi 4 la kupeleka hewa ya moto ndani. Mzigo wa kwanza ukafika kwa wateja na ukungu. Nikarudisha hela za watu.

Nikajua feni ni ndogo. Kumbe tatizo lilikuwa bomba! Hewa inasuguana na bomba, na kila kona inaibana. Feni isiposhinda huo ukinzani, inazunguka tu, hewa ya kutosha haifiki.

Fungua Excel au Google Sheets hata kwenye simu, ujaze:

B1: hewa unayotaka kwa sekunde (mita za ujazo). Mimi 0.05
B2: upana wa ndani wa bomba kwa mita. Inchi 4 ni kama 0.1
B3: urefu wa bomba kwa mita. Langu 6
B4: idadi ya kona. Zangu 3

Kisha andika fomula:

B5 (kasi ya hewa): =B1/(3.14*B2^2/4)
B6: =0.5*1*B5^2
B7 (ukinzani): =B6*(0.02*B3/B2+0.9*B4)

Ile 1 kwenye B6 ni uzito wa hewa ya milimani, kilo kwa mita ya ujazo. Ukiwa Dar weka 1.2. Ile 0.02 ni msuguano wa bomba la plastiki, na 0.9 ni kona kali moja. Yote ni makadirio.

Jibu langu: paskali 79. Feni yangu mwisho wake 50! Nikabadilisha B2 tu kuwa 0.15, yaani inchi 6. Jibu likashuka hadi 14. Feni ile ile!

Ona pia: kona 3 zinakula zaidi ya mita zote 6 za bomba. Ukiweza, nyoosha njia.

Usijaze uwezo wote wa feni, maana trei za ndizi nazo zinazuia hewa.

Nilinunua bomba, sikununua feni. Mtumie mwenzako anayekausha bidhaa, asirudishe hela za wateja kama mimi.